Khasara Hii ni ya Nani?

Katika darasa letu la mwezi uliopita paliulizwa suala ambalo halikupata jawabu usiku ule, na waliojadiliana wakatoka hali kila mmoja amemkasirikia mwenzake kidogo. Tumeonelea tuliandike hapa, kwa sababu si suala la mtu mmoja wala la mji mmoja.

Muulizaji ni kijana wetu, fundi wa sola, ambaye kwa miaka minne sasa afanya kazi Kakuma, katika Turkana, na huja nyumbani kwa likizo. Kijana huyu ametengeneza sanduku la baridi liendalo kwa nguvu za jua, la kuchukulia samaki wabichi kutoka ziwani hata soko la Kakuma bila ya kuoza njiani. Sanduku la kwanza amelitengeneza kwa fedha zake mwenyewe, nalo lafanya kazi. Sasa ataka kutengeneza mengi, mengine ayauze na mengine ayakodishe, lakini mtaji hana. Ameambiwa kuwa iko mifuko, mingine ya Serikali na mingine ya wafadhili ipitayo kwa idhini ya Serikali, ambayo huwapa ruzuku watu wenye uvumbuzi ili uvumbuzi wao ugeuke biashara. Akauliza: "Maalim, je, ni haki niichukue? Mali ile ni ya umma, na faida itakuwa yangu. Na sanduku likishindwa, nani atakayelipa?"

Kabla mwalimu hajafungua kinywa, mzee mmoja aliyekuwa akiendesha lori baina ya Mombasa na Lodwar katika miaka ya 1980 akamwambia: "Mwanangu, usiguse. Mimi nimeiona baridi ya Kalokol." Wengi wa waliokuwapo hawakufahamu maana ya neno lile. Basi na tuanze hapo.

Lodwar ni mji mkuu wa Turkana, ukingoni mwa mto Turkwel. Wakubwa wetu waujua kwa kuwa Jomo Kenyatta aliwekwa huko kwa kizuizi tangu mwaka 1959 hata 1961. Kakuma iko kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi yake, katika njia iendayo Sudan Kusini. Kalokol iko upande mwingine, kuelekea ziwani, karibu na ghuba ambayo Waingereza waliiita Ghuba ya Ferguson. Mwaka 1961 njaa kubwa iliipiga nchi ile, na watu waliofiliwa na mifugo wakakusanywa penye ghuba hiyo walishwe, kisha wafundishwe kuvua. Baadaye kikaundwa chama cha ushirika cha wavuvi, na Norway, nchi ijuayo samaki na barafu kuliko nyingi, ikaja kusaidia kwa fedha na mafundi.

Hapana shaka nia ilikuwa njema. Waliotazama waliona samaki ni wengi, sangara na ngege, na watu ni maskini. Waliona kuwa Mturkana akimkausha samaki juani humwuza kwa bei ya ng'onda, nayo ni ndogo, hali samaki wa barafu akifika mjini huwa na bei mara nyingi zaidi. Juu ya karatasi hesabu hiyo haina kosa. Basi kikajengwa kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa gharama ya mamilioni ya dola, na barabara ya kukifikia ikatengenezwa kutoka Kitale.

Walakini kugandisha samaki katika nchi ambayo joto lake hufika nyuzi 35 hivi mara nyingi kwataka umeme mwingi na maji safi mengi. Waya wa umeme wa taifa haukufika huko. Maji ya ziwa yana magadi, na maji matamu ndiyo hayo hayo ambayo watu na mbuzi wao walikuwa wakiyatafuta. Gharama ya kumgandisha samaki ikaishinda bei yake. Mashine zikanguruma muda mfupi mno, kisha zikazimwa. Katikati ya miaka ya 1980 ziwa likapungua, na Ghuba ya Ferguson yenyewe, ambayo ndiyo iliyokuwa na ngege wengi kuliko pengine pote, ikakauka. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano wake wa kibalozi na Norway kwa mambo ya siasa yasiyohusu samaki, na wafadhili wakafunga mizigo. Lile jengo lililojengwa ili kuondoa ng'onda likawa ghala ya kuwekea ng'onda. Hii ndiyo baridi aliyoiona mzee wetu.

Sasa twauliza: kosa lilikuwa wapi? Msomaji mwepesi atasema kosa ni kushindwa. Sisi hatukubali. Mfanyi biashara hushindwa kila siku. Babu zetu walipakia majahazi boriti na nazi, wakangoja kusi iwachukue kwenda Arabuni, na jahazi likizama mwenye mali alilia, akakopa, akaanza tena, wala hapana aliyemwita mwizi. Alilia yeye kwa sababu mali ilikuwa yake na shauri lilikuwa lake. Kalokol haikuwa hivyo. Aliyeamua hakupata khasara, na aliyepata khasara hakuwa ameamua. Mhandisi alirudi kwao na mshahara wake. Mkubwa wa idara alihamishwa pengine. Aliyebaki ufuoni ni mtu ambaye miaka kadhaa nyuma alikuwa mchungaji, akaambiwa kuvua kuna maisha bora, akaacha kujenga upya kundi lake la mbuzi, kisha akaamka siku moja akakuta hakuna mbuzi wala ghuba.

Yuko atakayesema: fedha zile zilikuwa za Norway, si za Kenya, basi sisi tumepoteza nini? Neno hili twalisikia sana, na twaliona ni la khatari. Kwanza, ardhi, ziwa na jasho havikutoka Norway. Pili, miaka haikutoka Norway, na mtu akipotezewa miaka kumi ya umri wake hakuna wizara iwezayo kumrudishia. Tatu, na hili ndilo kubwa, mtu akizoea kudhani kuwa mali ya kupewa haina hisabu, atafanya hivyo hivyo kwa mali ya kodi. Na kwa hakika tumefanya.

Wala sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda Turkana kutafuta mfano. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikufa mwaka 1988, na waliokuwa wamepanda miwa Kwale wakabaki na miwa. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilianguka katika miaka ya 1990 baada ya kutolewa mikononi mwa Serikali, na mkulima mwenye mikorosho yake akarudi kumwuzia dalali kwa bei ya dalali. Na uko mfano uliotoka hapa petu ukaenda huko kwao. Ule mti wa miba uitwao mathenge uliletwa Bamburi mwaka 1973, mbegu zake zikitoka Brazili na Hawaii, ili ufunike machimbo ya saruji. Kwa kuwa ulivumilia ukame, ukapelekwa katika nchi kavu, Turkana ikiwamo, na wakubwa wa misitu na wafadhili wakausifu. Leo umeziba malisho na kingo za mito, na miba yake hutoboa kwato na matairi. Ni kweli kuwa watu wa Kakuma huchoma makaa yake wakawauzia wakimbizi, wakapata riziki. Hatutaki kuficha jambo hilo. Lakini aliyeupanda hakumwuliza mchungaji, wala hakurudi kumwuliza.

Basi je, mzee wetu amesema kweli, na Serikali isiingie kabisa katika biashara ya uvumbuzi? Hapa ndipo tulipoachana naye, tukimheshimu.

Wanavyuoni wa fiqhi wamelizungumza kwa urefu jambo lililo karibu sana na hili, nalo ni mali ya yatima. Wasii aliyekabidhiwa mali hiyo si mwenyewe. Ni mshika amana. Mtu angedhani basi wajibu wake ni kuifungia sandukuni hata mtoto abaleghe. Lakini wanavyuoni hawakusema hivyo. Wamemruhusu, na wengine wakampendekezea, aifanyie biashara, kwa kuwa mali iliyolala huliwa: zaka huila, na nafaka na nguo huila. Wasii mwoga naye aweza kumkhini yatima, ijapokuwa mikono yake ni safi. Illa wakamwekea mipaka. Afanye kwa maslaha ya yatima, si kwa ajili ya kumfurahisha rafiki. Asiitie mali katika bahati nasibu, bali katika jambo ambalo mwenye akili na ujuzi wa soko angelifanya kwa mali yake mwenyewe. Na siku ya kubaleghe mtoto, atoe hisabu.

Serikali ni wasii wa namna hii, na tofauti moja: yatima wake wengine wamekwisha baleghe. Mchungaji wa Lokichar na muuza duka wa Kakuma ni watu wazima wenye akili. Kwa hiyo juu ya mipaka ile ya zamani yaongezeka mpaka mmoja, kuwa waulizwe kabla, kwa lugha waifahamuyo, na walilosema litiwe katika hesabu ya mpango.

Na wapo wanaobisha kwa njia nyingine. Husema: uvumbuzi ukiwa mzuri, soko lenyewe litaulipa, kwa hiyo Serikali ikae kando. Hawa tutawajibu kwa jambo walilo nalo mfukoni mwao sasa hivi, nalo ni fedha za simu. Wengi hudhani M-Pesa ilizuka kwa akili ya wafanyi biashara peke yao. Sivyo. Mwanzo wake ni fedha za umma wa Uingereza, karibu pauni milioni 1, zilizotolewa na idara ya nchi ile ya maendeleo ya kimataifa, nayo Vodafone ikatakiwa iweke sehemu yake. Jaribio la mwaka 2005 lilikuwa kwa ajili ya watu kulipa mikopo midogo. Katika jaribio ikaonekana watu walikuwa wakifanya jambo jingine: walitumiana fedha wao kwa wao. Waliosimamia hawakushikilia walichokikusudia. Waliwafuata watu, na huduma iliyofunguliwa Machi 2007 ilikuwa ya kutumiana fedha. Safaricom nayo wakati huo hisa zake nyingi zilikuwa za Serikali ya Kenya, na baada ya kuuziwa umma mwaka 2008 Serikali ilibaki na asilimia 35. Benki Kuu haikuwa na sheria iliyotungwa kwa jambo lile. Ikauchunguza mpango, ikauruhusu kwa barua, ikaendelea kuutazama, na sheria ya malipo ikaja baadaye, mwaka 2011. Lau Benki Kuu ingelisema ngojeni sheria, mabenki yangelifurahi na mama wa Likoni angeli akituma fedha kwa kondakta wa basi.

Tazameni basi tofauti na Kalokol. Fedha za kwanza zilikuwa ndogo. Aliyetaka faida alitakiwa atie mali yake, ili akipoteza naye aumie. Jaribio lilikuwa dogo, na lilipoonyesha kuwa watu wataka kingine likageuzwa kabla ya kujengwa kikubwa. Na umma, kwa hisa zake, ulipata sehemu ya faida. Kule Kalokol jengo lilitangulia, na maswali yakafuata.

Hizo fedha za simu zilipofika Kakuma zilifanya kazi ambayo wachache waliitarajia. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa waliokimbia vita vya Sudan. Wazee wa Mombasa waikumbuka kambi ya Utange, iliyokuwa na watu wa Somalia; kambi za pwani zilipofungwa katika miaka ya 1990, baadhi ya watu wake walipelekwa huko huko Kakuma, kwa hiyo wako hapo watu wasemao Kiswahili kama chetu. Leo Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa mwaka 2016, ina zaidi ya watu robo milioni. Mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani lilianza kuwapa sehemu ya posho yao kwa simu badala ya magunia, na mpango ukaitwa Bamba Chakula. Kila nyumba ilipewa laini, na fedha iliyoingia haikununua kitu illa chakula, kwa wenye maduka waliopewa idhini, wakimbizi na wenyeji. Mara moja gunia lililokuwa likitoka bandarini kwetu likageuka mteja. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, lililo chini ya Benki ya Dunia, likatoa uchunguzi wake: Kakuma, mji pamoja na kambi, ilikuwa soko la dola milioni 56 kwa mwaka, lenye maduka zaidi ya 2,000. Kabla ya hapo wakubwa wengi waliiona kama mdomo wa kulishwa tu.

Lakini tusisifu mpaka tukasahau hisabu. Posho huja mara moja kwa mwezi na njaa huja kila siku, kwa hiyo watu hukopa dukani. Imepatikana kwa uchunguzi kuwa wenye maduka huko huchukua laini ya mkopaji, au kadi yake ya benki, pamoja na namba ya siri, wakaishika rehani. Mwisho wa mwezi fedha ikiingia, mwenye duka huichota mwenyewe, na mwenye haki hana hata khiyari ya kwenda duka la pili lenye bei nafuu. Mashine iliyoletwa ili imtoe mtu katika foleni imemfunga kwa mtu mmoja. Haya si makosa ya simu, ni makosa ya wale waliodhani kuwa simu ikifika kazi yao imekwisha. Na mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua na posho ikakatwa sana, soko lote lilitikisika, kwa kuwa msingi wake mkubwa ni posho ile.

Iko namna nyingine ya udhalimu ambayo haina kiwanda kilichoanguka cha kuonyesha, kwa sababu mradi wake umefaulu. Bwawa la Turkwel lilimalizika mwaka 1991, la kutoa megawati 106 za umeme. Maji ni ya mto uleule upitao Lodwar. Waya ukavutwa kwenda kusini, Lessos, ukaungana na wa taifa. Lodwar ikabaki kwa miaka mingi na jenereta za dizeli. Mtu wa Lodwar akitazama mto wake hawezi kusema Serikali imeshindwa. Aweza kusema tu kuwa imefaulu kwa wengine.

Na Septemba 2013 ilitangazwa Nairobi, mbele ya ulimwengu, kuwa chini ya bonde la Lotikipi, katika Turkana, kuna maji mengi mno yaliyogunduliwa kwa satelaiti na rada: mita za ujazo zisizopungua bilioni 200, walisema. Magazeti ya dunia yote yakaandika. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa maji yale ya Lotikipi yana chumvi nyingi, hayafai kunywewa bila ya kusafishwa kwa gharama kubwa. Ilmu haikukosea kusema pana maji. Waliokosea ni waliotangaza kabla ya kuonja. Na mwanamke aliyesikia khabari ile kwenye redio, akitembea na dumu lake kichwani, ni nani aliyerudi kumwambia?

Kenya ina sheria njema katika jambo hili. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda tume ya kusimamia sayansi, shirika la taifa la uvumbuzi, na mfuko wa utafiti, ikasema mfuko huo utiwe kila mwaka kiasi cha asilimia 2 ya pato la taifa. Kiasi hicho hakijafikiwa. Lodwar sasa ina chuo kikuu kishiriki, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa maana ni bora uvumbuzi wa ziwa ufikiriwe na aliyezaliwa ziwani. Na mradi wa umeme wa jua kwa nchi zilizo mbali na waya wa taifa, ambao Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 150 mwaka 2017, uliwekwa kwa kaunti 14: Turkana ni moja, na zetu ni tano, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Mkopo huo tutaulipa sote, kwa hiyo hisabu yake yatuhusu sisi kama yawahusuvyo watu wa Lodwar. Msomaji aliyeko Faza au Kipini na amwulize diwani wake bunge la kaunti umefika wapi. Si utovu wa adabu kuuliza.

Turudi kwa kijana. Darasa la pili tulimwita, na mzee wa lori akaja pia. Tulimwambia kuwa kwa rai yetu aweza kuichukua ruzuku, wala si haramu wala si aibu, maadamu anaijua kuwa ni amana na si zawadi. Kwa kuwa yeye ni maskini, na jambo lake halijajaribiwa kwa ukubwa, hapana mkopeshaji atakayemwamini. Na ikiwa umma hautaibeba khatari ile ya kwanza, wenye uvumbuzi watakuwa ni watoto wa matajiri peke yao. Hiyo ndiyo sababu ya haki ya ruzuku, wala hatuijui nyingine. Lakini atie na chake, ijapokuwa kidogo. Aanze na masanduku matatu, si thelathini. Aandike hisabu mahali wavuvi waweza kuiona, pamoja na hisabu ya sanduku lililoharibika. Na asijenge matumaini yake yote juu ya mteja alaye kwa posho, kwa kuwa mwaka 2025 umekwisha mfundisha.

Mzee alimwuliza jambo moja ambalo sisi tuliojaa vitabu hatukulifikiria: "Hao wavuvi wa Kalokol, umewauliza kama wataka kuuza samaki mbichi? Mwenye ng'onda aweza kungoja bei. Mwenye samaki mbichi hawezi. Mchana mmoja ukipita, dalali ndiye mfalme." Kijana akanyamaza, kisha akasema kweli, kuwa hakuwauliza, amewauliza wanunuzi tu. Akaandika.

Kisha akatoa karatasi za maombi tukazitazama pamoja. Zataka jina la biashara iliyosajiliwa, namba ya kodi, na kitambulisho. Hapo ndipo alipotueleza ambalo hakulisema darasa la kwanza. Sanduku lile hakulibuni peke yake. Mwenziwe ni fundi wa bati, mkimbizi kutoka Kongo, aliyeko kambini tangu utoto, na mpango wa kuta zake mbili na majani makavu katikati ni wa yule. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika 2022, yamkubalia mkimbizi kufanya kazi na biashara. Lakini kutoka kambini kwenda Kalokol au Lodwar kwataka kibali, na karatasi zake za usajili hazijatimia, na siku ya mwisho ya kupeleka maombi ni wiki tatu.

"Kwa hiyo umeandika jina la nani?" akauliza mzee.

Kijana akasema ameandika lake, kwa sasa, ili wasikose.

"Na yeye ajua?"

Hakujibu. Alizikunja zile karatasi, akasema atampigia simu usiku ule, baada ya isha, mtandao wa kambini ukiwa mwepesi.